Shajara ya mradi: kupima shinikizo la damu nje ya hospitali, na kinachofuata baada ya kupima

Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya matawi ya asasi yetu na kwa yeyote anayekusudia kuanzisha upimaji wa shinikizo la damu kwa kutumia wajitoleaji. Asasi ni ya kitaifa, kazi yake ni kukuza afya ya moyo na kuzuia magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa vipeperushi, mihadhara na matembezi ya hisani. Bodi iliridhia mradi huu kwa sharti kwamba mafanikio yahesabiwe kwa watu waliofika kwenye matibabu na kubaki huko, wala si kwa watu waliofungwa mkanda mkononi. Sharti hilo lilitusumbua kuliko jambo lingine lolote, na limebadilisha karibu kila hatua inayoelezwa hapa chini. Gharama zimetajwa kama sehemu ya bajeti, kwa kuwa bei hutofautiana na mahali.

14 Januari: vifaa

Tulichagua vipimo vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye mkono wa juu. Vya zebaki havikujadiliwa, kwani Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliuweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kusafirisha vipimo vya namna hiyo, na vya mshale vinahitaji kusawazishwa mara kwa mara pamoja na sikio lililozoea kusikiliza mshipa. Kipimo cha kielektroniki hakisikilizi chochote. Kinahisi mitetemo ya mshipa kadiri mkanda unavyolegea, kisha kinakokotoa namba ya juu na ya chini kwa kanuni ambayo kila mtengenezaji huihifadhi kama siri yake. Kwa sababu hiyo upya wa kifaa si hoja. Hoja ni kama modeli hiyo imewahi kujaribiwa kwa watu na kuthibitishwa. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2018 kinataka jaribio la watu wasiopungua 85, na wastani wa tofauti kati ya kifaa na kipimo rejea usizidi milimita 5 za zebaki.

Kabla hatujanunua chochote tulipokea msaada wa shehena ya vipimo vya kifundo cha mkono, na furaha yetu ilidumu hadi mtu alipoitafuta modeli yake kwenye orodha za vifaa vilivyothibitishwa asiione. Hata kama ingekuwapo, vipimo vya kifundo vina udhaifu wa kimaumbile: kila sentimita ambayo mkono unakuwa chini ya usawa wa moyo huongeza takriban milimita 0.8, hivyo mtu aliyeweka mkono mapajani badala ya kuuinua hadi kifuani anaweza kuonekana mgonjwa bila kuwa mgonjwa. Vifaa vilirudishwa kwa barua ya shukrani. Kuvikataa kulituchelewesha na kukatulazimu kununua vyetu, lakini tungevikubali tungejaza vituo vya afya watu wenye mikono iliyolegea.

Fedha ambazo hatukuzipangia ziliishia kwenye mikanda. Kila kipimo kiliuzwa na mkanda wa ukubwa wa kawaida, na mkanda mdogo kuliko mkono hupandisha namba, ilhali ulio mkubwa mno huishusha. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2023 lilionyesha kwamba watu waliostahili mkanda mkubwa kupita wote walipofungwa wa kawaida, namba yao ya juu ilizidi kwa karibu milimita 20. Kosa la kiasi hicho linatosha kumwanzishia mtu dawa za maisha bila sababu. Mikanda ya ziada ilikula robo ya fungu lote la vifaa, na anayeiga mradi huu aiweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kila meza ina utepe wa fundi cherehani wa kupimia mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, kabla ya mkanda kuchaguliwa. Macho peke yake hayatoshi. Tuliyajaribu kwenye mazoezi na yalikosea zaidi kwa watu wanene wenye nguo za mikono mirefu.

10 Februari: mafunzo ya wajitoleaji

Hatua hii ilikwenda kama ilivyopangwa. Wajitoleaji walifundishwa utaratibu unaofahamika: mtu akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu haijapishana, mkono umeegeshwa usawa wa moyo, kibofu hakijajaa, asiwe amevuta sigara, kunywa kahawa wala kufanya zoezi ndani ya nusu saa iliyopita, na asizungumze. Wauguzi wawili wastaafu waliendesha mafunzo bila malipo, kwa hiyo gharama iliyokuwapo ni nauli na chakula cha mchana.

24 Februari: kituo cha kwanza

Tulifungua meza karibu na kituo cha mabasi, na kabla ya saa tano asubuhi utaratibu wote ulikuwa umevunjika. Hesabu ya mpango wetu ilimpa kila mtu dakika 3. Hesabu halisi ni dakika 5 za kupumzika, vipimo vitatu vinavyopishana kwa dakika moja, kupima mzunguko wa mkono, kujaza fomu na kueleza matokeo, yaani zaidi ya robo saa kwa mtu mmoja kwenye kiti kimoja. Foleni iliporefuka wajitoleaji walifanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: waliruka mapumziko, wakapima mara moja, wakaandika. Watu waliotoka kukimbilia basi walipimwa wakiwa bado wanahema.

Tulifanya marekebisho mawili. Kwanza, mapumziko yaliondolewa mezani na kuhamishiwa kwenye foleni yenyewe: viti sita vyenye egemeo, kila kimoja na kipima muda kinachowashwa mtu anapoketi, na hakuna anayefika mezani kabla kipima muda chake hakijalia. Pili, tulichukua pendekezo la mwongozo wa mwaka 2020 wa Jumuiya ya Kimataifa ya Shinikizo la Juu la Damu, kwamba kipimo cha kwanza kikiwa chini ya 130/85 hakuna haja ya kurudia. Kikifika hapo au kuzidi, tunapima tena mara mbili na kutumia wastani wa vipimo viwili vya mwisho. Kwa mabadiliko hayo meza moja ilianza kuhudumia watu wengi bila kuruka hatua yoyote.

Suala la kunyamaza bado halijatulia. Bango la kuomba ukimya halikusaidia kitu, kwa kuwa kukaa karibu na mtu bila kumsalimu ni utovu wa adabu, na mazungumzo wakati mkanda unajaa yanaweza kuongeza namba ya juu kwa takriban milimita 10. Kilichosaidia kiasi ni mjitoleaji kumaliza salamu na maswali yote ya fomu kwanza, kisha kusema, “Sasa tunyamaze sote wawili mpaka mashine imalize.” Neno “sote” lilifanya kazi ambayo bango lilishindwa.

20 Machi: sifuri nyingi mno

Fomu za wiki za mwanzo zilipoingizwa kwenye kompyuta, tulitazama tarakimu ya mwisho ya kila namba. Mashine ya kielektroniki haina upendeleo wa tarakimu, kwa hiyo kila moja, kuanzia 0 hadi 9, inapaswa kuonekana karibu mara moja katika kila vipimo kumi. Katika vituo vingi ilikuwa hivyo. Katika kituo kimoja karibu fomu nzima ilikuwa 120, 130, 140, 150, na chini yake 70, 80, 90.

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Meza ya kituo hicho ilikuwa nyembamba, mjitoleaji mmoja alifunga mkanda na mwingine aliyekaa nyuma yake akaandika, na namba zilisemwa kwa mdomo baada ya skrini kuzimika. Aliyesema alikuwa anakumbuka, na kumbukumbu hupenda namba za mviringo. Hasara yake inaonekana pale penye mpaka: mtu wa 136 anakuwa 140 na kupewa rufaa, na wa 143 anakuwa 140 hivyo hivyo, na hao wawili hawana haja ya ushauri mmoja. Matokeo yote ya kituo hicho yalitengwa, na watu walioacha namba zao za simu waliombwa kurudi kupimwa upya.

Sasa kanuni ni kwamba kalamu hugusa fomu kabla mkono haujagusa mkanda: namba inaandikwa ikiwa bado inaonekana kwenye skrini, na anayepimwa anaonyeshwa skrini na fomu kwa pamoja. Ukaguzi wa tarakimu ya mwisho unafanyika kila Ijumaa na hauhitaji programu yoyote zaidi ya jedwali la kawaida. Kama tawi lako lina nguvu ya kufanya ukaguzi wa aina moja tu, fanya huu.

18 Aprili: barua ya rufaa iliyokufa njiani

Hapa ndipo sharti la bodi lilipotubana. Kila mtu mwenye wastani wa 140/90 au zaidi alipewa barua ya kwenda kituo cha afya. Tulipowapigia simu wale walioridhia kupigiwa, walio wengi walikuwa hawajakwenda, na waliokwenda walirudi na maelezo yanayofanana: walisubiri nusu siku, wakapimwa mara moja, namba ikawa 138/86, wakaambiwa hawana tatizo. Wengine waliambiwa kwamba kipimo cha barabarani hakitambuliki. Ambao hawakwenda kabisa walikuwa na sababu nyepesi na ya kweli kuliko zote, kwamba hawaumwi. Hawaumwi kweli, shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima walio nalo hawajijui.

Barua ya zamani ilisema, “Shinikizo lako liko juu, tafadhali nenda kituo cha afya.” Ilikuwa fupi na haikumfaa mtu yeyote. Barua mpya ina sehemu mbili. Ya daktari inaonyesha vipimo vyote vitatu na saa vilipochukuliwa, ukubwa wa mkanda, mkono uliotumika, modeli ya kifaa na dawa anazotumia mtu huyo. Ya mhusika inaeleza kwamba kutohisi kitu hakumaanishi usalama, kwamba kipimo cha siku moja hakitoshi kuthibitisha ugonjwa, na kwamba anaweza kuombwa kurudi siku nyingine.

Barua bora peke yake isingetosha. Tulisimamisha vituo vipya vyote na kwenda kuzungumza na waganga wafawidhi kabla ya kufungua tena. Ombi letu lilikuwa dogo: asubuhi moja kwa wiki ya kuwapokea wenye barua zetu, na vipimo viwili au vitatu badala ya kimoja. Pale mganga alipokubali, tunafanya kazi. Pale alipokataa, mara nyingi kwa sababu ya haki kabisa kwamba dawa hazimtoshi hata kwa wagonjwa alionao, hatufungui meza. Uamuzi huo umetuondolea maeneo kadhaa ambayo mfadhili alitaka picha zake. Nauli na muda wa mazungumzo hayo vilitumia fedha nyingi kuliko mafunzo yote ya wajitoleaji, na sijutii hata kidogo.

17 Mei: Siku ya Shinikizo la Juu la Damu Duniani

Siku hii ilileta umati, na umati ulileta watu wenye namba za kutisha. Wajitoleaji walipoona 180/120 au zaidi walishikwa na hofu, wakaita gari la wagonjwa kwa kila mmoja, na hofu yao ikawapanda wanaopimwa. Hospitali ilitulalamikia, na ilikuwa na haki.

Kila mezani sasa kuna kadi ya rangi ya chungwa. Namba ikifika 180 juu au 120 chini, mtu apumzike tena na apimwe upya. Ikibaki pale pale, aulizwe kuhusu maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma kwa nguvu isiyo ya kawaida, kuona ukungu, ganzi au udhaifu wa upande mmoja, na kushindwa kutamka maneno. Kama dalili mojawapo ipo, hiyo ni dharura na gari linaitwa papo hapo. Kama hakuna, mtu hakimbizwi. Anapelekwa kwa mganga aliyekubaliana nasi siku hiyo hiyo au kesho yake, na mjitoleaji anapiga simu mbele yake kumjulisha mganga huyo. Tangu kadi ianze kutumika gari la wagonjwa limeitwa mara chache, na kila mara kwa sababu inayoeleweka.

22 Juni: wale waliokuwa wanajua tayari

Fomu ya kwanza ilikuwa imebuniwa kwa kudhani kwamba tunatafuta watu wasiojijua. Haikuwa na swali la kama mtu aliwahi kuambiwa ana presha. Wajitoleaji ndio waliotuamsha, kwa kuandika pembezoni mwa fomu mambo ambayo hayakuwa na kisanduku. Mama mmoja aliyekuwa na 168/98 alifungua mkoba, akatoa ganda tupu la vidonge na kuliweka juu ya meza. “Hizi nilizimaliza zote, mwanangu. Nilipona mwaka juzi.” Alikuwa anajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Swali lilipoongezwa, ilionekana kwamba wengi wa wenye namba za juu walikuwa wamewahi kuambiwa, na sehemu kubwa yao walikuwa wameanza dawa na kuziacha. Hili linalingana na picha ya dunia, kwani kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni karibu mtu 1 tu katika kila 5 wenye tatizo hili ambaye shinikizo lake limedhibitiwa. Baina ya kujua na kudhibiti ndipo watu wanapopotelea. Sababu tulizozisikia ni tatu: dawa ilichukuliwa kama dozi ya malaria, yaani inakwisha na ugonjwa unakwisha, dawa ilileta kikohozi, uvimbe wa miguu au kwenda haja ndogo mara kwa mara, na mtu hakujua kwamba inaweza kubadilishwa, au dawa haikupatikana siku aliyoifuata, naye hakurudi tena.

Tulijiuliza kama hili ni jukumu la asasi ya hisani. Kilichotupa jibu ni jaribio lililofanyika katika maduka 52 ya vinyozi ya Los Angeles, lililochapishwa mwaka 2018. Kundi moja lilipata kinyozi anayehimiza wateja kubadili mwenendo na kumwona daktari. Kundi la pili lilikutana na mfamasia pale pale dukani kwa kinyozi, aliyeweza kuandika na kurekebisha dawa kwa makubaliano na daktari. Baada ya miezi 6 namba ya juu ilishuka kwa milimita 27 katika kundi la mfamasia, na kwa milimita 9.3 katika kundi la himizo. Himizo ndilo tulilokuwa tukiligawa sisi kwa miaka yote.

Sheria hairuhusu wafamasia kuandika dawa hizi kila mahali, na hatuna uwezo wa kuibadilisha. Tunachoweza ni kumweka mfamasia mmoja kwenye meza ya pembeni, mwenye jukumu la kuzungumza na walioacha dawa tu: ni dawa gani, iliachwa kwa nini, na barua ya rufaa iandike sababu hiyo kwa maneno yanayoeleweka na mganga. Gharama yake ni posho ya siku. Waliopitia meza hiyo wanafika kituo cha afya kwa wingi kuliko wengine wote tunaowapa rufaa.

16 Agosti: kipeperushi cha chumvi, na ufadhili tulioukataa

Kipeperushi kipya kilipaswa kuwa kazi rahisi. Rasimu ilisema mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kiasi kisichojaza kijiko cha chai, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Tulipowasomesha watu wachache na kuwaomba watueleze walichoelewa, kila mmoja alihesabu chumvi ya mkononi mwake wakati wa kupika na kujiona yuko salama. Hakuna aliyehesabu iliyo ndani ya vyakula vya viwandani, na waliosoma lebo walikuta neno sodiamu wakadhani ndiyo chumvi. Toleo la pili linasema kwamba gramu 1 ya sodiamu ni sawa na gramu 2.5 za chumvi, na linaonyesha lebo iliyopigiwa mstari mahali pa kutazama.

Mfamasia wetu aliongeza sentensi moja tuliyokuwa tumeisahau kabisa. Chumvi mbadala, ambamo sehemu ya sodiamu imebadilishwa na potasiamu, ina ushahidi mzuri: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa katika vijiji 600 vya China, ilipunguza kiharusi kwa 14%. Lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, asiiguse bila kuuliza daktari.

Uchapishaji ulitaka kugharimiwa wote na kampuni ya vinywaji vyenye sukari, kwa masharti ya nembo yao kuwa ukurasa wa mbele. Bodi ilikataa bila mjadala mrefu. Matokeo yake tulichapisha nusu ya nakala tulizokusudia, kwa rangi moja.

29 Septemba: Siku ya Moyo Duniani

Idara ya habari ilitaka tukio kubwa la kuweka rekodi ya watu waliopimwa kwa siku moja. Nilipinga, na nashukuru kwamba nilisikilizwa. Rekodi ya namna hiyo inajengwa kwa kuruka zile dakika 5 tulizohangaika kuzirudisha mwezi Februari, na inazalisha barua nyingi kuliko asubuhi za rufaa tulizoomba. Badala yake kila kituo kiliwaita wale waliokwisha kupimwa na kupewa rufaa waje kupimwa tena. Walikuja wachache, picha hazikupendeza, na kwa mara ya kwanza tuliweza kuona namba za mtu yule yule kabla na baada ya kuanza dawa.

9 Novemba: hali ilivyo

Vipimo vinakwenda kukaguliwa, kwani baadhi ya mikanda imeanza kuvuja hewa, na betri zikiwa dhaifu mashine hujaza mkanda mara mbili kabla ya kutoa jibu, jambo linalowaumiza watu. Betri zinazochajiwa zimeingizwa kwenye bajeti ya mwaka ujao. Bado hatujapata utaratibu mzuri kwa wale ambao mashine inaonyesha alama ya mapigo yasiyo sawa. Kwa watu hao kipimo cha kielektroniki kinayumba, na mapigo hayo yenyewe yanaweza kuwa dalili ya mpapatiko wa moyo unaoongeza hatari ya kiharusi. Kwa sasa tunapima mara tatu, tunahesabu mapigo kwa vidole dakika nzima, na tunaandika kwenye barua ombi la kipimo cha umeme wa moyo. Waganga wawili wametuambia kwamba mashine hiyo haipo kituoni kwao, hivyo mazungumzo na hospitali ya ngazi ya juu yanaanza mwezi huu. Fomu, barua ya rufaa na kadi ya chungwa zinapatikana kwa tawi lolote litakaloomba. Mwenye kuzitumia anaombwa kitu kimoja tu: asiondoe kisanduku cha ukubwa wa mkanda ili kuokoa nafasi.